Nani Atangulie Kushika Kijiko

Nilikuwa na kipenzi.

Jambo hili nimelikana miaka yote ya kazi yangu: mbele ya wakaguzi, mbele ya mameneja, mbele ya wazee wenyewe, na hata mbele ya mume wangu, ambaye wala hakuniuliza. Nyinyi mliobaki pale kituoni mmeshapitia yale mafunzo ya asubuhi moja, yenye biskuti, ambamo mnaambiwa kwamba mhudumu wa wazee huwapenda wote sawasawa. Niliwahi kuyaendesha mafunzo hayo mimi mwenyewe. Nilisimama mbele ya skrini nikasema, kwa macho makavu, kwamba moyo wa mhudumu ni mizani. Sasa nimestaafu, mapema kidogo kwa sababu magoti yangu yalitangulia, kitambulisho changu kimeshakatwa kwa mkasi, na hakuna tena wa kuniita ofisini. Kipenzi changu alikuwa Bi Raya. Mizani ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza nilifika Edmonton, kaskazini mwa Landani, nimevaa viatu vya kisigino, na mkobani nina kalamu tatu. Nilikuwa na digrii ya sosholojia kutoka Dar es Salaam, na kazi ya kituo cha wazee niliishika kwa muda tu, mpaka nipate inayolingana na digrii. Digrii bado inasubiri. Mkuu wa kituo wakati huo alikuwa Doreen, mama wa Kijamaika mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alinitazama miguu, akaenda akaniletea raba za mtu aliyekuwa likizo. Kisha akanikabidhi kundi la Jumatano: akina mama wa Kizanzibari, wengi wao Wapemba, waliokuwa wamechoka kuulizwa hali kwa Kiingereza. Nikavuta kiti karibu na bibi mmoja mwembamba mwenye miwani mikubwa, nikamwamkia, nikaanza kumhoji anajionaje kuhusu uhamaji na kumbukumbu za nyumbani. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Maswali mazuri, mwanangu," akasema. "Yote nitakujibu. Ila kwanza nipeleke choo."

Huyo ndiye alikuwa Bi Raya. Nilimpeleka. Njiani alinifundisha namna ya kumshika mtu mzima chini ya kiwiko bila kumvuta, jambo ambalo chuo kikuu hakikulitaja.

Doreen alinifundisha mengine. Yeye ndiye aliyeanzisha matembezi ya siku moja nje ya mji, na kanuni yake ilikuwa fupi: safari ni vyoo, na kilicho katikati ya choo na choo ndiyo mandhari. Alikuwa na mfuko mwekundu alioubeba kila tulipotoka, na alipoondoka akaniachia. Ndani yake mtakuta tangawizi ya kutafuna kwa wanaochafukwa na roho garini, mifuko ya plastiki kwa ambao tangawizi haikuwasaidia, pini za kutosha kufunga pazia la msikiti, taulo, na kanga mbili nilizoziongeza mimi, kwa sababu sijaona tatizo la safarini ambalo kanga haikulipunguza. Mfuko uko kabati la chini. Zipu ni mbovu, vuteni kwa kushoto.

Nimeulizwa kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ipi, na watu hutegemea nitaje mtu aliyepotea, au bibi mmoja aliyemng'ata daktari wa meno. Hapana. Kesi ngumu ilikuwa shikamoo.

Bi Raya na Bi Mize walitoka mtaa mmoja wa Wete, Pemba. Walisoma chuo kimoja cha Kurani, juu ya mkeka mmoja, wakatawanywa na dunia, mmoja kupitia Dubai na mwingine kupitia Mombasa, wakaja kukutana tena Landani wakiwa na wajukuu. Umri wao haukujulikana. Pasipoti zao zilijazwa na watu waliokuwa na haraka, na Bi Mize aliwahi kupunguza miaka ili apate kazi ya usafi hospitali, kisha akaiongeza ili apate pasi ya basi. Watu waliopishana kidogo namna hiyo kwa kawaida hawasumbuani. Wanaulizana hali, yanaisha. Lakini siku moja palikuwa na harusi kwenye ukumbi mmoja huko huko Edmonton, na mama wa bibi harusi akatangaza: "Tunamwomba mkubwa wetu wa Wete aje amfukize mwali udi." Wakasimama wawili.

Walioshuhudia wanasema walitazamana muda mrefu hadi mkaa ukaanza kuzima. Mwisho alikuja shangazi wa bwana harusi kutoka Unguja akafukiza yeye, aibu juu ya aibu. Tangu siku ile kila mmoja alimngoja mwenzake amwamkie kwanza, kwa sababu mdogo ndiye huanza, na hakuna aliyekuwa mdogo. Wakaacha kusemeshana. Wakaja kituoni kila Jumatano, wakakaa meza moja, maana kila mmoja aliona kuhama meza ni kushindwa, na wakazungumza kwa kunipitia mimi.

"Rukia, mwambie bibi yule sukari iko upande wake."

"Rukia, mwambie bibi yule sukari haina miguu, na yeye anayo."

Nilijaribu kila kitu nilichosomea. Niliwaweka pamoja kwenye kushona, wakashona kimya. Niliwaalika wasimulie kuhusu chuo cha Wete. Kila mmoja akasimulia kama kwamba mkekani alikuwa peke yake. Doreen, aliyekuwa ameshastaafu, aliniambia kwa simu niwaache, wazee wana haki ya ugomvi wao kama wana haki ya dawa zao. Nikawaacha.

Kisha ikaja habari kwamba Bi Raya anahamia Maskati kwa bintiye, moja kwa moja. Alinieleza siku ninamvalisha koti.

"Kila kitu nimekifunga," akasema. "Masanduku, dawa, mto wangu. Kilichobaki ni yule."

"Nani?"

"Usijifanye. Mize. Rukia, mie si mtoto. Nikiondoka hivi hatuonani tena mpaka ahera, na ahera sijui kama tutapangwa pamoja." Akavuta mkono wa koti. "Lakini siwezi kumwamkia mtu aliyenikuta duniani. Siwezi. Mdomo haufunguki."

Nikasema nitafikiri. Sikuwa na la kufikiri. Nilikuwa na safari moja tu iliyobaki kwenye kalenda, ya mwisho kwa Bi Raya na ya mwisho kwangu, na ilikuwa ya kwenda shamba la Wakorea.

Shamba hilo nililipata sokoni. Bi Yun alikuwa akija mara moja moja Edmonton kuuza kabichi za kutia chumvi na pilipili, zile waziitazo kimchi, na mimi nilikuwa mteja wake wa siri, kwa kuwa mume wangu haipendi harufu yake ndani ya friji. Ni mwanamke wa rika langu, mfupi, mwenye viatu vya mpira na vicheko vingi. Aliniambia kwamba yeye na mumewe wana shamba Kent ambako huwapokea wageni kwa siku moja: unatia kabichi, unavaa nguo za kikwao, unakula. Nikampigia simu kuuliza mambo yetu. Nguruwe? Hakuna. Pombe? Atatoa kinywaji cha mchele kisicholewesha. Nyama? Atapika samaki na mboga, na sufuria mpya. Mahali pa kusalia? Chumba cha juu, ila ngazi ni kali. Vyoo? Vitatu. Hapo nikajua ni mtu wa maana.

Dereva wetu alikuwa Bwana Gurmit, Sikh aliyezaliwa Nakuru, mwenye kilemba cha samawati na Kiswahili ambacho akina mama wa Pemba walikisikiliza kama watu wanaotazama mtu anayetembea juu ya ukuta.

"Mama zangu, mkanda! Kila mtu afunge mkanda yake!"

"Rukia," akasema Bi Mize, aliyekuwa amewahi kiti cha kushoto safu ya kwanza, "mwambie bibi yule afunge tundu lake la hewa, atatuua kwa baridi."

Bi Raya alikuwa safu hiyo hiyo, kulia, nyuma ya dereva. "Mwambie bibi yule, kila mtu ana tundu lake juu ya kichwa chake."

Nilikaa katikati, kwenye kiti cha kukunja, miguu juu ya mfuko mwekundu. Tukavuka Mto Thames, nyumba zikapungua, yakaanza mashamba ya matufaha. Wengine kumi walikuwa wanaimba. Sikuhitaji tangawizi hata mara moja.

Kent kulikuwa na jua la kweli. Uani kwa Bi Yun palisimama mitungi ya udongo, mikubwa kwa midogo, ina vifuniko, imepangwa mahali penye mwanga, na kabla sijamaliza kuwatambulisha wageni Bi Mize alikuwa ameshafunua mmoja, kaingiza pua.

"Achari!" akapiga kelele. "Jamani, hawa watu wana achari!"

Wote wakamiminika. Nikamtazama Bi Yun kwa hofu, nikaanza kuomba radhi. Akacheka. Akasema wageni wengi huuliza kama wanaweza kupiga picha mitungi. Hawa ni wa kwanza kuionja.

Alituweka kwenye meza ndefu chini ya turubai, glavu mikononi, kila mtu na kabichi yake iliyolala kwenye chumvi tangu jana. Kazi ni kupaka uji mzito wa pilipili nyekundu, kitunguu thomu na tangawizi katikati ya kila jani, jani moja moja, kama mtu anayeweka nguo kabatini. Bi Yun alionyesha mara moja. Alipogeuka walikuwa wameshapata mwendo, na ushauri ulikuwa umeanza kumrudia.

"Muulize, ndimu hatii?"

Hatii.

"Muulize, anaianika juani siku ngapi?"

Haianiki kabisa, inakaa mitungini imefunikwa. Vichwa vikatikiswa kwa huruma.

"Masikini," akasema Bi Raya. "Achari iliyokosa jua."

"Mwambie bibi yule," Bi Mize akasema huku akionja kwa kidole, "jua la nchi hii halitoshi hata kukausha leso." Akaonja tena. Akaonja mara nyingi hivi kwamba pilipili ilimkaa pembeni ya mdomo, doa jekundu, na kila aliyempa kitambaa alimkatalia. "Acheni, inanipa joto."

Niliona Bi Raya akimtazama lile doa na kutaka kusema kitu. Akarudi kwenye kabichi yake.

Baada ya kunawa na kusali tukaingia kwenye ghala la zamani ambalo Bi Yun amelifanya chumba cha nguo. Hapo nilisikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kituoni: akina mama kumi na wawili wakivuta pumzi kwa pamoja. Hariri za kila rangi zilikuwa zimetundikwa ukutani. Vazi lao, hanbok, lina koti fupi la mikono ya duara linalofungwa kwa utepe kifuani, na sketi pana ambayo huzungushwa na kufungwa juu ya maziwa.

"Kifuani!" Bi Raya akashika shavu. "Si hivi hivi tunavyojifunga kanga tukitoka kuoga?"

Bi Yun akaeleza kuhusu rangi, na mimi nikatafsiri kwa uangalifu: nyekundu na njano ni za wasichana na maharusi, na watu wakubwa huvaa rangi za utulivu, kijivu, zambarau iliyofifia, kahawia. Akawaonyesha za kijivu. Zilikuwa nzuri sana.

Bi Mize akachukua nyekundu. Bi Raya akachukua ya waridi. Kila mmoja alitaka ukubwa, hakuna aliyetaka rangi yake. Bi Yun akaniuliza kwa macho. Nikamwambia kwamba kwetu ni hivyo, jambo ambalo si kweli wala si uongo.

Kisha likatokea kosa ambalo nadhani shamba lile halikuwahi kuliona. Bi Yun alikwenda kwa kila mmoja kufunga zile kamba za sketi mgongoni. Akina mama wakamwonea huruma. Watu waliojifunga kanga tangu wasichana, wafundishwe kufunga nguo? Wakazisukuma kamba pembeni, wakazungusha, wakachomeka ncha ndani kifuani, wakapiga kofi moja kuthibitisha, basi. Nikafungua mfuko mwekundu nikatoa pini.

"Mie nitiwe pini kama nepi?" akasema Bi Mize. "Rukia, wewe wa Unguja, pengine kwenu hamjui kujifunga. Pemba tunajua."

Kanga ni pamba; hushika. Hariri haimjui mtu. Tulipotoka uani kupiga picha, Bi Mize akiwa mbele kabisa, kidevu juu, mikono amekunja kama Bi Yun alivyomwonyesha, sketi nyekundu ikaanza kushuka. Ilishuka taratibu, kwa heshima, kama pazia la ukumbini. Ndani alikuwa na suruali yake ya sufu, alhamdulillahi, lakini yeye hakujua lolote. Alikuwa anaitabasamia kamera.

Mkono ukatoka nyuma yake ukaidaka. Ulikuwa wa Bi Raya. Aliishika ile sketi kiunoni kwa mikono miwili, akaipandisha mpaka juu, akaizungusha, na akabaki ameishikilia, kifua chake karibu na mgongo wa mwenzake, akitafuta zile kamba zilizodharauliwa.



"Rukia," akasema Bi Raya, utepe mmoja mdomoni, "mwambie bibi yule asimame wima."

Bi Mize akasimama wima.

"Mwambie bibi yule," akasema Bi Mize, bila kugeuka, sauti ndogo, "asikaze sana."

Sikutafsiri. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na haja. Picha ile ninayo: kumi wanacheka, mmoja mwekundu mbele, na nyuma yake jicho moja nyuma ya miwani mikubwa, limekazana na fundo.

Nilidhani yamekwisha. Nikajipongeza, kimya kimya, kama mtu wa sosholojia aliyeona nadharia yake ikitembea. Lakini fundo lilipokamilika kila mmoja akarudi upande wake, na uso ukafungwa tena.

Chakula kiliandaliwa ndani, juu ya meza fupi, watu wakaketi chini. Kukaa chini kwa kundi la Jumatano si kazi. Kazi ni kuinuka, na nilikuwa nimeshahesabu mikono yenye nguvu, nikamwomba Bwana Gurmit asiondoke. Akakaa mwisho wa meza, kilemba na soksi. Mbele yetu palikuwa na wali, supu ya soya iliyochachishwa, samaki wa kuchoma mwenye ngozi iliyokauka vizuri, chapati nyembamba za vitunguu, tambi za kung'aa, na visahani vya mboga vingi mpaka meza haikuonekana. Harufu ilitutoa mate. Tangu asubuhi tulikuwa tumekula majani ya kabichi tu.

Bi Yun akapiga magoti, akatuinamia, akasema neno. Nikatafsiri kabla sijafikiri, na hili nawaambia nyinyi wadogo: fikirini kabla ya kutafsiri.

"Anasema karibuni. Anasema kwao hakuna anayegusa chakula mpaka mkubwa wa meza ashike kijiko. Anauliza, mkubwa wetu ni nani?"

Vijiko vyote vikabaki mezani. Wale kumi wengine walikuwa wadogo bila ubishi, na walisema hivyo kwa furaha isiyo ya kawaida yao. Bi Mize akanyoosha mkono kuelekea kijiko chake. Bi Raya akanyoosha wake. Mikono yote miwili ikasimama hewani.

Bi Yun akatabasamu, akasubiri. Aliona ni adabu, kila mmoja anampisha mwenzake. Supu ikaacha kutoa mvuke.

"Rukia," akasema Bi Mize, "wewe unatujua sote. Sema."

"Sema, mwanangu," akasema Bi Raya.

Wote wakanigeukia, Wapemba, Mkorea na Sikh. Nilijua jina litakalotoka. Lilikuwa limeshafika ulimini. Siku chache tena angeondoka; kijiko kimoja tu, angekwenda Maskati na ushindi wake. Na nilijua pia kwamba nikilitaja, Bi Mize hatakanyaga tena kituoni, na Bi Raya ataondoka amemwacha vilevile kama alivyoogopa kumwacha. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikakohoa.

Bwana Gurmit ndiye aliyeniokoa, na sababu zake zilikuwa za tumbo.

"Si mpigie mtu simu?" akasema. "Huko nyumbani hakuna mtu alikuwa hapo? Chakula inapoa, mama zangu."

Ile mikono miwili ikashuka. Kisha Bi Mize akasema, akiitazama supu: "Yuko Zuwena. Dada yake. Yule, hata kwa nduguye hasemi uongo."

Bi Zuwena alikuwa Wete, hai, mkali. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza, maana kuuliza ni kukiri kwamba hujui. Nikamtazama Bi Raya. Alikuwa anaikunja na kuikunjua ncha ya utepe wake. Nadhani moyoni alikuwa na hofu ya siku nyingi. Angeweza kusema dada hasikii vizuri, au mtandao wa Pemba mbovu. Akatia mkono ndani ya mkoba, akatoa simu, akanipa.

"Weka wote wasikie," akasema.

Iliita sana.

"Nani?"

"Raya, dada."

"Raya yupi?"

"Mdogo wako!"

"Shikamoo yako umeiuza?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeshafika Maskati?"

"Bado. Niko shamba. Kwa Wakorea."

"Landani kuna shamba? Wanalima nini?"

"Kabichi, dada. Nisikilize. Nina... tuna swali."

"Shikamoo, da Zuwena!" akaita Bi Mize kutoka upande wa pili. "Ni mie, Mize binti Hamad!"

"Marahaba, mwanangu! Mize! Kumbe uko hai! Na mko pamoja? Alhamdulillahi, niliambiwa hamsemeshani."

Nikasogeza simu katikati ya samaki na tambi, nikauliza mimi: kati yao, nani alitangulia kuzaliwa?

Bi Zuwena alicheka mpaka akakohoa.

"Hilo ndilo swali? Wazee wazima? Siku Raya anazaliwa, mama yake Mize alikuja kumpikia mzazi uji. Akamleta Mize kwa mbeleko, akamweka chini, akaniambia mie nimwangalie. Nami nilikuwa mtoto, nataka kumwona mchanga. Kugeuka, Mize kashatambaa hadi chini ya kitanda, kakikuta kibakuli cha manjano ya kumpaka mzazi, kakila chote. Mdomo mzima manjano! Nilipigwa mie. Huyo Mize tangu hapo alikuwa haachi kuonja."

Watu wote wakamtazama Bi Mize, na lile doa jekundu pembeni ya mdomo wake. Akaweka kiganja juu yake.

"Dada," akasema Bi Raya polepole, "una hakika?"

"Nilimpangusa mwenyewe."

Bi Raya akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti la hariri, akaivaa. Kisha akataka kuinuka. Nimesema kuinuka ndiyo kazi. Sketi ilikuwa pana, magoti hayakukubali, na Bwana Gurmit alikuwa mbali. Mkono uliokuwa karibu ulikuwa mmoja tu. Bi Mize aliutoa, akamshika mwenzake chini ya kiwiko, bila kumvuta, kama vile nilivyofundishwa siku ya kwanza, na Bi Raya akasimama, wa waridi kutoka shingoni mpaka chini, hajauachia ule mkono.

"Shikamoo, da Mize."

Bi Mize alimtazama juu, akaukaza ule mkono.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mdogo wangu. Kaa, usije ukaanguka na nguo za watu." Alipokwisha kumshusha akanigeukia. "Na wewe Rukia, ulitaka kumtaja yeye. Nilikuona mdomo."

Nikainama, nikayashughulikia mafundo ya mfuko wangu ambao hauna mafundo.

Bi Mize akashika kijiko, akasema bismillahi, akala. Akakata samaki kwa vidole, akaweka kipande kwenye wali wa Bi Raya. Ndipo vijiko vyote vikaingia kazini kwa mpigo, cha Bwana Gurmit kikiwa cha kwanza.

"Halo?" ikasema simu kutoka kati ya visahani. "Halo! Mbona kimya? Mnakula nini?"

"Achari, da Zuwena," akajibu Bi Mize, mdomo umejaa. "Achari ya kabichi. Haikuona jua, lakini mdogo wako hapa anaongeza."